Mwongozo kamili: kuiwasha ZX Spectrum ya mtumba bila kuiunguza

Simu ninazopigiwa kuhusu mashine hizi karibu zote zinafanana. Mtu kaletewa ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Kiingereza ya miaka ya 1980, na mjomba anayeishi Uingereza, au kaikuta kwenye boksi la mitumba. Kafika nayo nyumbani, kachakura droo, kapata adapta ya volti 9, kaichomeka. Kioo cheusi, na harufu kidogo. "Fundi, hivi ilikuwa mbovu tangu mwanzo?"

Mara nyingi haikuwa mbovu. Imekufa palepale, mkononi mwake. Najua kwa sababu ya kwanza kabisa niliyowahi kuipata niliiua hivyohivyo, kwa adapta ya modemu ya intaneti.

Ninayoieleza hapa ni Spectrum ya 48K (yaani kumbukumbu ya kilobaiti 48) yenye vitufe vya mpira, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Ile Spectrum+ ya 1984 yenye vitufe vya plastiki ngumu ina bodi ya aina hiyohiyo. Kinachotofautiana ni namna ya kuifungua na kibodi yake. Fuata hatua kwa mpangilio wake: umeme kwanza, picha baadaye, michezo mwisho.

## Andaa hivi kwanza

- Mita ya kidijitali ya kupimia umeme. Ya bei ndogo inatosha, ila usianze bila hiyo.
- Adapta ya volti 9 DC, ampea 1.5 au zaidi.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Chuma cha kulehemia chenye ncha nyembamba, risasi yake na kinyonyea risasi.
- Waya mwembamba na tepu ya umeme.
- Waya wa AV wenye plagi za njano za mviringo.
- Waya wa sauti wa milimita 3.5 pande zote mbili, na simu yenye tundu la hedifoni.
- Spiriti na mswaki wa zamani.
- Utando mpya wa kibodi, yaani ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya vitufe pamoja na mikanda yake.

Hicho cha mwisho hutakipata Kariakoo wala mtaa wa Luthuli. Kinatengenezwa upya huko Ulaya na kuuzwa mtandaoni, kwa hiyo kiagize mapema. Nitaeleza sababu tukifika kwenye kibodi. Vingine vyote vinapatikana kwa wauza vipuri wa kawaida.

## Hatua ya 1: Adapta, kabla hujaigusa kompyuta

Hapa ndipo wanapofia wengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Adapta nyingi zilizojaa majumbani, za modemu, ving'amuzi na spika, zina chanya katikati ya plagi na hasi kwa nje. Spectrum iko kinyume: hasi katikati, chanya nje. Plagi yenyewe ina umbo na ukubwa uleule, inaingia bila kulalamika. Ndani ya mashine hakuna kinga yoyote dhidi ya umeme uliogeuzwa. Ukikosea, hupati onyo.

Pima hivi. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uingize kwenye tundu la katikati la plagi, mweusi ugusishe chuma cha nje. Unachotaka kuona ni namba yenye alama ya kutoa mbele yake: -9. Ukiona 9 tupu, bila kialama hicho, adapta hiyo itaiua mashine.

Kama umepata adapta asilia iliyokuja na Spectrum, usishtuke ikisoma -12 au hata -14 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Ni ya transfoma ya zamani isiyo na udhibiti. Ikibebeshwa mzigo inashuka. Plagi yake ya ukutani ni ya pini tatu za mraba za Kiingereza, kwa hiyo kwa umeme wa Kenya, Tanzania au Oman unaichomeka moja kwa moja. Aliye Marekani asiitumie: kule volti za ukutani ni 120, nayo imetengenezewa 240. Mimi binafsi asilia siiamini tena. Ina miaka arobaini na nyaya zake zimekauka. Napenda ya kisasa nyepesi.

Adapta za pedali za gitaa, zile wanazotumia wapiga solo kanisani, nazo nyingi zina hasi katikati. Upande ni sahihi, lakini ampea hazitoshi: nyingi hazifiki hata nusu ampea, na Spectrum itazizidi nguvu.

Ukiwa na adapta nzuri ya volti 9 yenye chanya katikati, igeuze mwenyewe. Chomoa ukutani, kata waya katikati ya urefu wake, unganisha kwa kupishanisha, chanya ya upande mmoja na hasi ya upande wa pili, lehemu, funga kila kiungo peke yake kwa tepu. Kisha pima tena. Andika kwenye kipande cha plasta "SPECTRUM TU" na ubandike, maana siku moja mtu atakuja kuichomeka kwenye modemu.

Adapta ya volti 12 usiijaribu. Ndani kuna regyuleta inayoshusha umeme hadi volti 5, na kila volti inayozidi inageuka joto tu.

## Hatua ya 2: Kuifungua

Igeuze kifudifudi juu ya taulo, toa skrubu tano za chini, kisha igeuze tena ikiwa bado umeshikilia pande zote mbili.

Usiivute sehemu ya juu. Kibodi imeunganishwa na bodi kwa mikanda miwili myembamba ya plastiki, na kwa umri huu mikanda hiyo imekuwa kama karatasi ya kitunguu kilichokauka. Inua ukingo polepole, kama mtu anayechungulia sufuria ya wali, mpaka uione mikanda. Shika kila mmoja karibu kabisa na tundu lake, uvute wima kwenda juu. Ukipasuka, usihuzunike sana. Karibu yote hupasuka.

Sasa piga picha bodi nzima kwa simu, karibu na mbali. Halafu kagua. Unatafuta kutu, alama za kuungua, kapasita zilizovimba au zilizotoa majimaji, na dalili kwamba fundi mwingine alishapita. Vumbi lifagie kwa mswaki mkavu. Ile safu ya meno ya shaba ukingoni nyuma, mahali pa kuchomekea vifaa vya ziada, isugue kwa kitambaa chenye spiriti.

Kuna ushauri unaotembea kwamba ubadilishe kapasita zote kabla ya kuwasha. Mimi sikubaliani, angalau kwa anayeanza. Shaba ya bodi hizi ni nyembamba na inabanduka kwa joto kidogo tu. Ukibadilisha kapasita kumi na ngapi kisha mashine isiwake, hutajua kama ugonjwa ni wa zamani au umeuleta wewe. Jua kwanza kama inaishi.

## Hatua ya 3: Kutafuta shoti kabla ya umeme

Tafuta chipu nane zilizoandikwa pembeni yake IC6 hadi IC13. Hizo ni kumbukumbu za aina ya 4116, na ndizo chanzo cha matatizo mengi ya Spectrum. Kila moja inataka umeme wa aina tatu: volti 5, volti 12, na volti 5 hasi.

Jifunze kuhesabu miguu yake. Iangalie chipu kutoka juu, kile kipengo kidogo kikiwa upande wa mbali nawe. Mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Unashuka hadi wa 8, chini kushoto. Unavuka kulia: wa 9 uko chini, na unapanda hadi wa 16 juu. Katika 4116:

- mguu wa 1: volti -5
- mguu wa 8: volti +12
- mguu wa 9: volti +5
- mguu wa 16: ardhi

Weka mita kwenye kipimo chenye mlio. Waya mweusi ugusishe kile kiboksi cha chuma kinachotoa waya wa televisheni, ambacho ni ardhi. Mwekundu ugusishe mguu wa 1, kisha wa 8, kisha wa 9. Mita ikikaa kimya mara zote tatu, endelea. Ikilia mfululizo kwenye mmojawapo, kuna shoti, na kuiwasha ni kuiongezea maiti majeraha.

## Hatua ya 4: Umeme wa kwanza

Bodi iwe juu ya meza ya mbao au kadibodi, bila kibodi, bila televisheni, bila kitu chochote nyuma. Spectrum haina swichi. Kuichomeka ndiko kuiwasha. Chomeka plagi ndogo kwenye mashine kwanza, kisha washa ukutani, mkono ukiwa tayari kuzima.

Sekunde chache za mwanzo weka kidole juu ya kila chipu. ULA, ile chipu kubwa ya kampuni ya Ferranti inayotengeneza picha, hupata joto na hilo ni la kawaida. Bati la alumini la regyuleta nalo huwa moto. Lakini 4116 inayokuchoma mpaka unavuta kidole, zima.

Sasa pima, ukianza na mguu wa 1. Sababu ya kuanza hapo: 4116 ikipata volti 12 huku -5 haipo, inaharibika. Kwa hiyo hiyo ndiyo habari unayoihitaji kwanza.

- Mguu wa 1 usome kati ya -4.5 na -5.5.
- Mguu wa 8, kati ya 11 na 13.
- Mguu wa 9, kati ya 4.75 na 5.25.

Zote tatu zikiwa ndani ya mipaka hiyo, pumua. Kazi ngumu zaidi imekwisha.

Kama volti 5 ipo lakini 12 na -5 hazipo au zimeyumba, mshukiwa wa kwanza ni transista TR4, aina ya ZTX650. Jirani yake TR5, ZTX213, mbadilishe wakati huohuo. Ila kumbuka kwamba TR4 mara nyingi hufa kwa sababu: ama 4116 mojawapo imepiga shoti, ama mtu alichomeka kifaa nyuma huku mashine inawaka. Ukibadilisha transista bila kuondoa chipu yenye shoti, mpya nayo itaungua. Na hapo ndipo penye katazo moja ambalo halina msamaha: usichomeke wala kuchomoa kitu kwenye meno ya nyuma wakati umeme upo. Hata kukitikisa tu.

Volti zipo zote lakini zinacheza, au moja iko pembeni kidogo ya mpaka? Sasa ndiyo zamu ya kapasita. Badilisha moja moja, ukifuata picha uliyopiga kuona upande wa chanya.

## Hatua ya 5: Picha

Una njia mbili.

Ya kwanza haigusi chochote: waya wa antena kutoka kwenye kile kiboksi hadi tundu la antena la TV. Spectrum za Uingereza hurusha kwenye chaneli 36 ya UHF, karibu na megahezi 591. Kwenye TV bapa za siku hizi ingia kwenye menyu, chagua utafutaji wa analogi, si wa kidijitali, na utafute kwa mkono. Kosa la kawaida ni kuiacha TV itafute yenyewe. Inapita juu ya Spectrum kana kwamba haipo. Ukibahatika kupata TV ya kichogo, hii inafanya kazi vizuri sana.

Ya pili ndiyo ninayoifanya mimi: kutoa picha moja kwa moja kwenda tundu la AV. Inarudishika, kwa hiyo wahifadhi wa vitu vya kale wasinipigie kelele.

Nyaya mbili zinaingia ubavuni mwa kiboksi zikitoka kwenye bodi. Mmoja ni volti 5, mwingine ni picha. Usikisie: washa, pima, unaosoma volti 5 kamili ndio wa umeme. Zima. Toa nyaya zote mbili kutoka kwenye kiboksi. Ule wa volti 5 uvishe tepu vizuri, maana ukigusa bati la kiboksi ni shoti ya papo hapo. Fungua kifuniko cha kiboksi, tenganisha kijirezista kilicholehemiwa katikati ya tundu la kutokea, kisha peleka waya wa picha hadi hapo katikati. Rudisha kifuniko. Tundu lilelile la zamani sasa linatoa AV.

Chomeka waya wa njano, TV iweke AV, washa. Kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi wakati mashine inakagua kumbukumbu yake, kisha kinageuka cheupe cha kijivu, na chini kabisa unasoma:

© 1982 Sinclair Research Ltd

Mstari huo ukitokea, mashine ni nzima kwa sehemu kubwa. Bado hujaunganisha kibodi na tayari unajua hivyo. Ndiyo maana tumeiacha pembeni.

Ukiona mistari ya wima au viraka vya rangi vilivyotulia badala ya maandishi, na volti ni sahihi, shuku 4116 moja. Chukua 4116 nzuri, ilaze juu ya kila chipu kwa zamu, mguu juu ya mguu, kipengo upande uleule, ukizima kila unapohama. Mara kwa mara picha hubadilika ukifika kwenye mgonjwa. Si kipimo cha uhakika, lakini hakina gharama.

## Hatua ya 6: Kibodi

Zima, chomeka mikanda, washa. Bonyeza ENTER: maandishi yanaondoka na inabaki herufi K inayowaka na kuzima. Bonyeza B, kisha 2, kisha ENTER. B peke yake inaandika neno zima BORDER; ndivyo mashine hii ilivyo. Ukingo wa kioo ukigeuka mwekundu, kibodi inaongea.

Sasa jaribu vitufe vyote 40. Vikikataa, angalia vinavyokataa kwa pamoja, maana vinakuambia ni mkanda upi:

- Watano wa safu moja, kama 1 hadi 5 au Y hadi P: njia moja imekatika kwenye mkanda mpana wa njia 8.
- Waliosimama wima pande zote mbili, kama 1, Q, A, CAPS SHIFT pamoja na 0, P, ENTER na SPACE: mkanda mwembamba wa njia 5.

Mkanda ukipasukia karibu na ncha, unaweza kuukata kwa mkasi milimita chache, wima kabisa, na kuurudisha. Ni tiba ya wiki moja au mbili. Kuunganisha kwa tepu au risasi hakufanyi kazi, plastiki inayeyuka. Weka ule utando mpya ulioagiza. Bati la juu la kibodi limegandishwa kwa gundi ya mkanda. Lipashe moto kwa kikaushia nywele kabla ya kulibandua kwa kitu bapa cha plastiki, la sivyo litakunjika na kovu halifutiki.

## Hatua ya 7: Je, kweli ni 48K?

Wauzaji huandika 48K juu ya kila kitu, na 16K ziliuzwa nyingi. Zina sura moja. Iulize yenyewe:

`PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733`

PRINT ni kitufe P. Kupata PEEK, bonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, achia, kisha O. Alama ya kujumlisha ni SYMBOL SHIFT na K. Ya kuzidisha ni SYMBOL SHIFT na B.

Jibu 65535 maana yake 48K kamili. 32767 ni 16K, au ni 48K ambayo sehemu ya juu ya kumbukumbu imekufa. Fungua uone: kama IC15 hadi IC22 zipo, ulinunua 48K inayoumwa. Habari njema ni kwamba hizo zinatumia volti 5 peke yake na hazisumbui kama dada zao.

## Hatua ya 8: Kupakia mchezo kwa simu

Zamani programu zilikaa kwenye kaseti za kawaida na redio kaseti ndiyo iliyozisoma. Mashine haijali sauti inatoka wapi. Simu inatosha.

Pakua programu ya simu inayocheza mafaili ya TAP na TZX (nakala za kidijitali za kaseti za Spectrum), au geuza faili kuwa WAV. MP3 achana nayo. Inakata sehemu za sauti ambazo sikio halizihitaji lakini Spectrum inazihitaji. Waya toka kwenye simu uende tundu la EAR, si MIC. Zima vionjo vyote vya sauti, besi na kadhalika. Panga sauti karibu na mwisho. Na weka simu kwenye hali ya ndegeni: mlio mmoja wa ujumbe dakika ya nne unafuta kila kitu.

Kwenye Spectrum bonyeza J, utaona LOAD. Kisha SYMBOL SHIFT na P mara mbili, upate alama za kunukuu mbili. ENTER. Cheza faili.

Kwanza ni mlio mrefu mmoja, na ukingo wa kioo unatembea mistari minene ya nyekundu na samawati. Kisha sauti inageuka kama samaki wanaotiwa kwenye mafuta ya moto, na mistari inakuwa myembamba ya bluu na njano. Jina la programu linaandikwa. Mchezo wa 48K huchukua dakika nne hadi tano, wala usiguse kitu.

Mistari isipotokea kabisa, sauti ni ndogo. Ikitokea lakini ukasoma `R Tape loading error`, punguza sauti kidogo na urudie; ikikataa tena, panda kidogo. Kwenye simu yangu ya sasa sehemu nzuri ni alama mbili chini ya mwisho, kwenye ya zamani ilikuwa mwisho kabisa. Simu ambazo hazifiki nguvu hata kwa sauti ya juu zipo. Hapo weka kikuza sauti kidogo cha hedifoni katikati.

Ukimaliza kucheza, zima ukutani kwanza, ndipo uchomoe plagi ndogo. Na fahamu kwamba tundu hilo la umeme limelegea kwa umri: ukisogeza mashine kidogo mchezo unapotea. Langu nimelifungia waya kwa kamba ya kiatu chini ya meza.